Ndani ya Mita

Siku niliyomsikia mume wangu akimbembeleza mwanamke mwingine, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mwanamke huyo huyo, pini zimejaa mdomoni, nampimia upindo wa gauni.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho duka langu: meza ya kukatia, kioo kirefu, cherehani, na kiti cha wateja ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya. Mteja wa siku hiyo alikuwa amehamia mtaani kwetu juzi juzi, na kwa kuwa ana saluni pale kona, wote tunamwita Mwenye Saluni. Ni mwanamke wa kujipenda. Hata akija kupimwa gauni anajipulizia manukato kama anakwenda kuposwa. Nilimtaka anyanyue mikono, kwa hiyo simu yake aliilaza mezani kwangu juu ya vitambaa, sauti kaifungulia yote. Alikuwa anapiga manispaa kuuliza habari za taka.

“Idara ya ujenzi na usafi, dawati la maswali,” simu ikasema. “Karibu mama, nakusikiliza.”

Nikazing'ata pini. Kwamba mume wangu anakaa dawati hilo akijibu simu za wenye nyumba, hilo nalijua, mshahara wake ndio uliojenga nyumba hii. Nisichokijua ni ile sauti. Ilikuwa yake, lakini imeoga, imepakwa mafuta, imevaa nguo ya kutokea.

“Nimekata matawi ya ua wangu,” Mwenye Saluni akasema, “nikayaweka nje pamoja na mifuko ya taka. Gari limechukua mifuko, matawi limeniachia. Ndiyo dharau gani hiyo?”

“Hapana mama, hawajakudharau. Pole sana kwa usumbufu. Gari la taka za ndani halibebi matawi, yanakwama kwenye mashine ya kushindilia. Yakate mafupi, urefu wa mkono, uyafunge mafungu, uyatoe siku ya gari la majani. Na tafadhali usiyabebe mwenyewe, yana miiba. Tafuta mtu akusaidie.”

Usiyabebe mwenyewe! Jana yake tu nilikuwa nimebeba mtungi wa gesi kutoka barabarani hadi jikoni, na mtu huyu huyu alikuwa kwenye kochi, akanisukumia mlango kwa mguu.

“Kuna swali lingine, mama?”

“Hakuna, baba. Ubarikiwe.”

“Asante kwa kupiga. Uwe na siku njema.”

Mwenye Saluni akashusha pumzi, akajitazama kwenye kioo. “Unasikia mwanaume huyo?” akaniambia. “Mwanamke anayelala karibu na sauti ile hana haja ya redio.”

Ningeweza kutema pini nikamwambia mwanamke huyo ni mimi, na redio ninayo, tena naiwasha kutwa nzima maana bila hiyo nyumba hii ni kaburi. Badala yake niliinama nikaendelea kupima. Upindo wake ulitoka umepinda upande mmoja, ikabidi niufumue.

Tuelewane, mume wangu si mtu mbaya. Hanywi, hapigi mtu, hachelewi kurudi. Tatizo ni kwamba akirudi, maneno yameshakwisha. Anavua viatu, anakaa, na kilichobaki kinywani mwake ni “mm”. Ipo mm ya ndiyo, ipo mm ya hapana, ipo na mm ya niache nipumzike, na mimi nimekuwa mkalimani wa mm. Watoto walipokuwa nyumbani kelele zao zilifunika. Sasa kila mmoja ana kwake, na ukimya umebaki kwangu.

Na mambo ya kuongea yapo. Mtaro wa mbele ya nyumba umeziba pale pale chini ya kidaraja cha zege kinachoingia getini kwetu. Mvua ikinyesha kidogo tu, maji machafu yanapanda hadi mlangoni kwa duka langu, wateja wanaruka wameshika sketi. Kisha bomba la jikoni. Ukilifunga, linalia kama mbuzi aliyefungwa mbali na mwenzake, meee, mpaka uzungushe tena kwa nguvu. Mtu mzima anayejua kila bomba la mji huu, la kwake linalia.

Jioni ile nilimwandalia chakula nikakaa mbele yake.

“Baba, mtaro.”

“Mm.”

“Na bomba.”

“Nitaliona.”

“Siku ya gari la majani ni lini?”

Akainua macho. “Una majani?”

“Sina.”

“Mm,” akasema, akarudi kwenye sahani.

Roho iliniuma, sitaficha. Si kwamba nilidhani ana uhusiano na Mwenye Saluni, hata hamjui kwa sura. Wivu wangu ulikuwa mpana kuliko huo. Nilimwonea wivu kila mwenye nyumba aliyezibiwa choo, kila aliyezimikiwa taa ya barabarani, kila bibi aliyekutwa na shimo mbele ya geti lake. Wote hao wanaitwa mama, wanapewa pole, wanaulizwa kama kuna lingine. Jina hilo la mama alianza kuniita siku niliyojifungua mtoto wa kwanza, nami nikadhani ni langu peke yangu. Kumbe linagawiwa mji mzima, asubuhi hadi saa za kufunga ofisi.

Kesho yake nilifunga mlango wa duka, nikajikaza, nikapiga.

Simu ya dawati lao ni ile ya mezani ya zamani, haionyeshi nani anapiga. Nilichohitaji ni sauti. Nikaitafuta, nikaikuta mbali huko, ile niliyoitumia siku za kwanza nilipopelekwa kwa wakwe: ya chini, ya polepole, yenye tabasamu ndani.

“Samahani baba, naomba kuuliza. Naishi kule nyuma ya soko, nyumba ya geti jekundu.” Mageti mekundu mji huu hayahesabiki. Letu ni la buluu, limepauka.

“Karibu mama. Uliza bila wasiwasi.”

Nikamuuliza kuhusu maji yanayovuja, nitajuaje kama ni ya kutengenezewa na manispaa au ni shauri langu.

“Swali zuri sana hilo,” akasema, na nikasikia kiti chake kikilia, ameegemea vizuri. “Angalia mita yako ilipo. Kutoka kwenye mita kurudi barabarani, hiyo ni yetu. Wewe tupigie tu, tutakuja. Kutoka kwenye mita kuingia ndani, hiyo ni ya mwenye nyumba. Huko sisi hatuingii.”

“Na mtaro wa mbele ya nyumba?”

“Mtaro wa barabarani ni wetu pia. Ila kama umejenga kidaraja cha kuingilia getini, chini ya hicho kidaraja ni juu yako. Watu wengi hawajui, wanatusubiri sisi, maji yanawaingilia. Usisubiri, mama.”

Kumbe alijua! Muda wote anaruka yale maji na viatu mkononi, anajua fika kwamba chini ya kile kidaraja ni kwetu. Nusura nimpayukie. Lakini akasema, “Kuna swali lingine, mama?” kwa namna ambayo hata hasira ilikosa pa kukaa. Nikamshukuru. Nikabaki nimeshika simu kifuani kama msichana, mwanamke mzima mwenye wajukuu.

Nilipiga tena, kisha tena. Niliuliza kuhusu taa ya nguzo, akanifundisha kusoma namba iliyopigwa kwenye nguzo ili mafundi wasipotee. Niliuliza kuhusu mti wa barabarani unaoinamia paa langu, akasema shina likiwa nje ya ua ni la manispaa, nisimruhusu mtu apande na panga akavunjika mgongo. Niliuliza kuhusu shimo lililoachwa na wachimba mabomba. Maswali ya kweli yalipoisha nikaanza kuyatunga. Aliyajibu yote. Na mara moja, nilipomwambia kwamba mafuriko yamenichosha, alisema, “Umevumilia mengi, mama.” Nilipokata simu nililia, na mteja aliyeingia nikamwambia ni vumbi la kitambaa.

Kosa lilikuwa kudhani raha hiyo ni yangu. Jioni moja, katikati ya chakula, mume wangu akafungua kinywa bila kuulizwa.

“Kuna mama mmoja anapiga siku hizi,” akasema. “Wa geti jekundu. Ana maswali ya akili.”

Nikarudisha tonge sahanini. “Maswali gani?”

“Ya kawaida tu. Ila anauliza vizuri.” Akatabasamu na sahani yake. “Ana sauti ya upole. Wewe ulikuwa na sauti kama ile, zamani.”

Hapo ndipo wivu ulipogeuka ugonjwa. Nilimchukia Geti Jekundu kwa moyo wangu wote. Nilimwona kabisa: mwembamba kuliko mimi, hajawahi kugombana na mtu, kucha zake hazina alama za sindano, anakaa kwenye kiti chake karibu na simu anasubiri mume wa mtu. Najua ninavyosikika. Mtu yule nilimtengeneza mwenyewe, nilimkata na kumshona, lakini alikuwa ametoka dukani kwangu na sasa anatembea mitaani kivyake. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba mume wangu, baada ya miaka yote ya kulala ubavuni mwangu, hakuitambua sauti yangu.

“Ameolewa?” nikauliza.

“Hajasema.”

“Na wewe umeuliza?”

“Mm,” akasema, na hiyo mm sikuweza kuitafsiri.

Asubuhi iliyofuata alipiga pasi shati lake mwenyewe. Akachana nywele, zile chache zilizobaki. Wiki ile akaanza kupiga mluzi bafuni. Nilimpigia wifi yangu, dada yake wa kufuatana, nikamweleza kwamba kaka yake ana mtu.

“Kaka yangu?” wifi akacheka mpaka akapaliwa. “Huyo wewe mwenyewe ilibidi umtongoze, wifi. Nilikuwepo.”

Sikucheka. Nikampigia mume wangu, kwa ile sauti nyingine, nikaweka mtego. Nilimwambia kwamba mume ninaye, lakini hana habari na nyumba. Mtaro umeziba, simu napiga mimi, kila kitu mimi.

“Labda anachoka,” akasema taratibu. “Kuna watu, mama, kazi inawakausha. Umeshamwambia?”

“Nimemwambia mpaka ulimi umekufa ganzi.”

“Kwa sauti hii?”

“Sijakuelewa, baba.”

“Nauliza tu. Unapomwambia, unamwambia kwa sauti hii unayoniambia mimi?”

Nilikata simu bila kuaga. Nilizunguka chumba, nikashika mkasi, nikauweka. Nikawa nafanya mazungumzo peke yangu: sasa mtu ataombaje mtaro uzibuliwe kwa sauti laini mara ya mia? Sauti laini nilianza nayo. Ililainika wee, ikaisha, ndiyo nikachukua iliyobaki. Lakini swali lake halikunitoka. Lilikaa mle chumbani pamoja nami kama mteja asiyetaka kuondoka.

Nikaamua yaishe. Nitamwita aje. Akikubali kwenda kwa Geti Jekundu, basi, nitajua nilipo, nitafungasha vyangu niende kwa mwanangu wa kwanza. Akikataa, nitamwua huyo mwanamke mimi mwenyewe, sitapiga tena. Siku hiyo nilipigia jikoni, maana dukani kulikuwa na wateja wanapimana nguo. Nilifungulia maji kwenye beseni ili wasinisikie.

“Karibu mama,” akasema, halafu akanijua. “Ni wewe. Siku ile simu ilikatika.”

“Ilikatika. Baba, maswali yamekwisha. Nina ombi. Njoo mwenyewe uone.”

Nyuma yake nilisikia simu nyingine zikiita, mtu akicheka.

“Sisi wa dawati hatutoki, mama,” akasema mwishowe. “Wanaotoka ni mafundi.”

“Najua. Ndiyo maana nimesema ombi.”

“Hatutoki,” akarudia, lakini polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. “Lakini...”

Ile lakini ilining'oa moyo. Beseni lilikuwa limejaa, maji yanamwagika miguuni, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukaenda ukafunga bomba.

Meee, likalia bomba.

Nilibana pumzi. Upande wa pili kiti kililia, kikanyamaza. Bomba nalo lilikuwa halijamaliza; likavuta pumzi likalia tena, refu, kwa uchungu, mpaka wateja dukani wakauliza kuna mbuzi humu.

“Mama,” mume wangu akasema.

“Naam.”

“Hilo bomba linalolia.”

“Ndiyo, baba.”

“Hilo liko ndani ya mita.” Alikohoa. Sauti ya ofisini ilikuwa imemtoka, lakini mm haikurudi mahali pake. Ilikuwa sauti ya tatu, ya kukwaruza, ambayo sikuwa nimeisikia tangu watoto wakiwa wadogo. “Hilo halipigiwi manispaa. Hilo ni langu.”

Nikakata simu, nikakaa juu ya ndoo.

Jioni alirudi na kipira cha bomba mfukoni na spana ya kuazima. Hakuvua viatu. Alipita moja kwa moja jikoni, akafunga maji pale kwenye mita, akaanza kufungua bomba, na mimi nikasimama mlangoni nimekunja mikono. Mtu angedhani ningefurahi. Nilifurahi, lakini lile neno lake la ofisini lilikuwa bado limenikaa kama mwiba.

“Kabla bomba halijalia,” nikasema, “ulisema lakini. Lakini nini?”

“Mm.”

“Baba, nakuuliza. Lakini nini?”

“Nishikie hii,” akasema, akanipa kichwa cha bomba.

Nikakishika. Nikameza mate, nikaenda kumchukua yule mwanamke kule nilikomficha. “Samahani baba,” nikasema kwa sauti yake. “Nina swali lingine.”

Spana ikasimama. Alibaki ameinama juu ya sinki, amenipa mgongo, na nikaona masikio yake yakibadilika rangi.

“Nilitaka kusema,” akajibu, “lakini nyumbani kwangu kuna mtaro umeziba, na mwenye nyumba ile ndiye aliyetangulia kuniambia. Nikimaliza kwake ndipo nitaweza kuwasikiliza wengine.”

“Kweli?”

“Kweli, mama.”

Nilimwamini nusu. Nusu nyingine naiweka, kuna siku itanifaa. Alifungulia maji, akafunga. Bomba halikusema kitu, na tukalitazama wote wawili kama tunamsubiri mgeni.

Jumamosi alivaa mabuti ya mpira, akashuka mtaroni na koleo. Nilikuwa dirishani kwangu nashona, namwona anavyotoa tope, chupa, kiatu cha mtoto wa nani sijui, hadi maji yakaanza kwenda yenyewe chini ya kidaraja. Mara kwa mara aliinua kichwa akaniambia alichokipata. Nilimjibu kwa sauti niliyokuwa najaribu, si ya Geti Jekundu na si ile ya zamani, bado naipima mwilini.

Ndipo Mwenye Saluni akatokea, anakuja kuchukua gauni lake, manukato yamemtangulia. Akasimama ukingoni.

“Pole na kazi, baba.”

“Asante, mama,” mume wangu akamjibu kutoka kwenye tope, na ilimtoka ile ile, iliyooga na kupakwa mafuta. “Pita upande huu, huko kunateleza.”

Mwenye Saluni akashika kifua. “Mbona sauti hii naijua? Wewe si yule baba wa dawati la maswali?” Akachuchumaa, akakusanya sketi yake, akamsogelea. “Afadhali nimekuona. Nina swali moja dogo tu.”

Mume wangu akanitazama. Nikaacha cherehani, nikafungua dirisha lote, nikatoa kichwa na mabega.

“Shoga,” nikasema, kwa upole kabisa, “mpigie Jumatatu kama wenzako. Leo sauti hiyo iko ndani ya mita.”